Je, Zinga ilinyeshewa milimita 50? Uchambuzi wa kisa cha rada, vipima mvua na ndoo moja

Swali lililoletwa mezani lilikuwa fupi. Usiku wa kuamkia Jumatano moja ya mwezi Aprili, masika yakiwa yamekolea, je, mvua iliyonyesha kwenye saiti ya barabara ya kijiji huko Zinga, wilayani Bagamoyo, ilizidi milimita 50? Mkandarasi alikuwa amechimba mtaro wa kulaza makalavati; asubuhi alikuta kuta zake zimeporomoka na moramu iliyokwisha kumwagwa imesombwa, naye akaomba nyongeza ya muda. Mkataba ulisema nyongeza ingetolewa endapo ingenyesha mvua kubwa, na kwa maana ya mvua kubwa ulichukua kiwango kinachotumiwa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) katika tahadhari zake, yaani zaidi ya milimita 50 ndani ya saa 24. Mhandisi msimamizi alijibu ombi hilo kwa kuonyesha kipimo cha kituo kimoja cha Bagamoyo mjini, milimita 12, na kwa maoni yake shauri lilikuwa limekwisha.

Nieleze mapema kwamba kisa hiki nimekipanga mwenyewe ili hesabu ionekane kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mahali, umbali, tabia ya rada na kanuni zake ni vya kweli. Milimita za usiku ule, kituo kwa kituo, ni za mfano, na hakuna mradi wala ofisi inayolengwa.

Milimita 12 za mjini hazikuwa na kosa. Kituo kilikuwa cha kujiendesha chenyewe, chenye vikombe pacha ambavyo kimoja kikijaa milimita 0.2 hupinduka na kumwachia mwenzake nafasi, na kumbukumbu yake ya usiku ule haikuwa na pengo. Ila Zinga iko zaidi ya kilomita kumi kutoka mjini, upande wa kusini-mashariki, na mvua ya masika katika ukanda huu haigawi sawa. Iko mvua ya mawingu yaliyotandaa, inayonyesha taratibu kwa saa nyingi na kulowesha wilaya nzima kwa kiasi kinachokaribiana. Iko pia ile ya wingu moja refu, lenye kiini cha kilomita chache tu, ambalo huja na kumwaga mzigo wake kwenye vijiji viwili vitatu na kuwaacha wa jirani na manyunyu. Hii ya pili hupenda saa za usiku wa manane hadi alfajiri: nchi kavu inapopoa, upepo huvuma kutoka bara kwenda baharini, ule wavuvi wanaouita umande, na ukikutana na hewa yenye unyevu inayoletwa na kusi, hewa hiyo husukumwa juu na mawingu hujengeka karibu na ufuko. Kwa mvua ya aina ya kwanza, kituo cha mjini kinaweza kusemea Zinga bila aibu. Kwa ya pili hakiwezi, hata kingekuwa kimenunuliwa jana.

Ukubwa wa kifaa chenyewe nao unapaswa kukumbukwa. Kipima mvua cha kawaida cha inchi tano kina mdomo wenye eneo la sentimita za mraba 127 hivi. Ili kufunika kilomita moja ya mraba ungehitaji karibu vifaa milioni 79. Kinachopimwa na kifaa kimoja ni kweli kabisa kuhusu mahali kilipo. Kila hatua ya kukitoa hapo kwenda kwingine ni dhana, na dhana hiyo lazima itafutiwe ushahidi. Hapo ndipo rada inapoingia.

Kutoka Dar es Salaam, ambako TMA ina rada, hadi Zinga ni takriban kilomita 45 kwa mstari ulionyooka. Huo ni umbali mzuri. Mwale unaorushwa kwa mwinuko wa nyuzi 0.5 hupanda kadiri unavyokwenda, kwa sababu umeelekezwa juu kidogo na pia kwa sababu dunia inajikunja chini yake. Ukifika umbali wa kilomita 45, katikati yake huwa juu ya ardhi kwa kama mita 500, ukiongeza kimo cha mahali rada iliposimama, na ukiwa na upana wa nyuzi moja unene wake hapo ni kama mita 800. Kwa maneno mengine, rada iliona matone yakiwa karibu kutua, chini kabisa ya mahali barafu ya mawinguni inapoyeyukia, ambapo katika nchi zetu za joto ni kilomita nne na nusu hadi tano juu.

Tatizo la rada liko kwingine. Inachopokea ni mwangwi, na nguvu ya mwangwi wa tone hufuata kipenyo chake kikizidishwa chenyewe mara sita. Tone la milimita mbili lina maji mara nane ya tone la milimita moja, lakini mwangwi wake ni mara 64. Mvua yenye matone machache makubwa na mvua yenye matone mengi madogo zinaweza kurudisha mwangwi uleule huku maji yanayofika ardhini yakitofautiana sana. Ndiyo maana kanuni ya kugeuza mwangwi kuwa milimita kwa saa si moja. Iliyozoeleka zaidi inatokana na kazi ya Marshall na Palmer, iliyochapishwa mwaka 1948 kutokana na vipimo vya matone nchini Kanada: mwangwi ni sawa na 200 ikizidishwa na ukali wa mvua wenye kipeo cha 1.6. Nchini Marekani, kwa mvua za kitropiki, hutumika nyingine yenye 250 na kipeo cha 1.2.

Tofauti kati ya hizo mbili inatisha kuliko inavyoonekana kwenye maandishi. Mwangwi wa desibeli 40 (desibeli ni namna ya kuandika nguvu ya mwangwi kwa kifupi; 40 ni sawa na 10,000 ndani ya kanuni) kwa kanuni ya kwanza ni milimita 11.5 kwa saa, kwa ya pili ni 21.6. Ukipanda hadi desibeli 45, ya kwanza inasema karibu 24 na ya pili 56. Mwangwi ni uleule na wingu ni lilelile. Kilichobadilika ni dhana yako kuhusu matone. Mtu akikuletea ramani ya rada yenye milimita zilizokwisha kuandikwa, swali la kwanza la kumuuliza ni kanuni gani ilitumika, na akishindwa kujibu, mrudishie ramani yake.

Kwa usiku wa kisa chetu, mraba wa ramani ya rada, wa kilomita moja kwa kilomita moja, uliobeba saiti ulipata milimita 31 kwa kanuni ya Marshall na Palmer, na milimita 60 kwa kanuni ya kitropiki. Mhandisi angeweza kuichukua ya kwanza na kukataa ombi, mkandarasi angeichukua ya pili na kudai haki yake, na kila mmoja angekuwa ameonyesha kanuni inayotumika duniani.

Kabla ya kuchagua kanuni yoyote ilibidi kushughulikia saa, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo kazi nyingi za namna hii zinapoharibikia. Pande zote zilikuwa zikisema "Jumanne" na "Jumatano", lakini siku zao hazikuwa siku moja. Kipima mvua husomwa saa tatu asubuhi, na kinachosomwa ni mvua ya saa 24 zilizotangulia. Mkandarasi aliandika daftari lake la kazi kwa siku ya kalenda, usiku wa manane hadi usiku wa manane. Rada huhesabu kwa saa za dunia, ambazo ziko nyuma ya saa zetu kwa saa tatu, kwa hiyo "siku" yake huanza saa tisa usiku na kuishia saa tisa usiku. Mvua ya Zinga ilianza kama saa saba na nusu usiku na kukatika saa kumi na robo. Mpaka wa siku ya rada ulipita katikati yake. Mtu aliyeomba "jumla ya rada ya Jumanne" alipewa milimita 19, aliyeomba ya Jumatano akapewa 12, na hakuna kati yao aliyepewa mvua ya usiku ule, ambayo ni 31.

Vipima mvua vya kusomwa kwa mkono vilikuwa na mtego wao. Baadhi ya wasomaji huandika kipimo cha saa tatu asubuhi kwa tarehe ya asubuhi hiyo, wengine kwa tarehe ya siku iliyopita ambamo sehemu kubwa ya saa 24 ilikuwamo. Madaftari mawili ya jirani yanaweza kutofautiana kwa siku nzima na bado kila msomaji awe amefanya kazi yake kwa uaminifu. Njia ya kugundua ni kutazama siku kavu: ikiwa kituo kimoja kina milimita 41 tarehe ambayo majirani wote wana sifuri, na siku inayofuata mambo yamegeuka, basi tarehe ndiyo iliyohama. Kwa vipima mvua vinavyosomwa shuleni kuna jambo la ziada, la Jumamosi na Jumapili. Kifaa kisiposomwa hadi Jumatatu, kipimo cha Jumatatu kimebeba siku tatu. Kisa chetu kilikuwa cha katikati ya wiki, kwa hiyo kwenye hilo tulisalimika.

Baada ya kuzipanga kumbukumbu zote katika dirisha moja, saa tatu asubuhi ya Jumanne hadi saa tatu asubuhi ya Jumatano, na kukusanya picha za rada upya kwa dirisha hilo, palibaki vituo vitano. Hapa natumia kanuni ya Marshall na Palmer kwa upande wa rada. Bagamoyo mjini kipima mvua kilisema 12, rada 8. Kerege kipima mvua 41, rada 23. Mapinga 30 dhidi ya 18. Bunju 22 dhidi ya 13. Kiwangwa, mbali upande wa bara, kipima mvua 6 na rada 7.

Picha ya jumla ilikuwa wazi. Kwenye vituo vinne vya ukanda wa pwani, rada ilikuwa ikisema kidogo kuliko ardhi, na ilisema kidogo kwa kiasi kinachokaribiana: uwiano wa kipima mvua kwa rada ulikuwa 1.5 mjini, 1.78 Kerege, 1.67 Mapinga na 1.69 Bunju. Huo ni upungufu wenye mpangilio, na upungufu wenye mpangilio hurekebishika. Unalingana pia na kinachotarajiwa: kanuni iliyozaliwa kwenye mvua za nchi za baridi, ikitumika kwenye mvua ya pwani ya joto yenye matone mengi ya ukubwa wa wastani, hupunguza. Jumla ya vituo vinne ni 105 kwa vipima mvua na 62 kwa rada. Uwiano wake ni 1.69. Ukizidisha milimita 31 za Zinga kwa 1.69 unapata 52.

Kiwangwa ndiyo iliyoleta mzozo. Ukiiingiza, jumla zinakuwa 111 na 69, uwiano unashuka hadi 1.61, na Zinga inapata 49.9. Msomaji ameshaona kilichotokea: kituo kimoja kilichoko mbali, chenye milimita sita tu, ndicho kinachoamua kama mvua ilivuka kiwango cha mkataba au haikuvuka.

Sababu za kuiacha Kiwangwa nje zilikuwapo, na zilikuwa nzuri. Mvua yake ilikuwa ya jioni, nyepesi, ya mawingu yaliyotandaa, ilhali ya pwani ilikuwa ya usiku wa manane kutoka kwenye wingu refu. Matone ya mvua hizo mbili si ya aina moja, na uwiano wa moja hauna kazi kwa nyingine. Isitoshe, Kiwangwa iko mbali zaidi na rada, mwale ukiwa umepanda juu zaidi. Lakini nilijua pia kwamba sababu nzuri zinazopatikana baada ya kuona jibu zina harufu yake. Anayechagua orodha ya vituo akiwa tayari anajua kila orodha inampa nani ushindi, hata awe mwadilifu kiasi gani, hawezi kuaminiwa na upande ulioshindwa. Kwa hiyo taarifa ilibeba hesabu zote mbili, na ikasema kwa nini mwandishi anaiamini zaidi ile ya vituo vinne.

Kulikuwa na njia nyingine zilizostahili kujaribiwa. Ukimpa uzito mkubwa jirani wa karibu, yaani Kerege, na kutumia uwiano wake peke yake, Zinga inakuwa 55. Ukianza na kanuni ya kitropiki badala ya ile ya kwanza, vituo vinne vya pwani vinapata jumla ya 116 kwa rada, uwiano unakuwa 0.905, na milimita 60 za Zinga zinashuka hadi 54. Hili la mwisho linafaa kuangaliwa vizuri. Kabla ya marekebisho kanuni mbili zilitofautiana kwa karibu mara mbili, 31 na 60. Baada ya kuzifunga zote kwenye vipima mvua vilevile zilitofautiana kwa milimita mbili tu, 52 na 54. Ubishi mrefu kuhusu kanuni ipi ni bora hupungua sana pale vipima mvua vichache vya kuaminika vinapokuwapo. Vikikosekana, ubishi huo hauna mwisho.

Lipo jambo la picha zenyewe. Rada hiyo, kwa mfano wetu, ilizunguka na kutoa picha kila baada ya dakika kumi. Wingu lilikuwa likitoka baharini kuelekea magharibi kwa mwendo wa kama kilomita 30 kwa saa, maana yake lilisogea kilomita tano kati ya picha na picha, wakati kiini chake kilikuwa na upana wa kilomita nne. Ukijumlisha picha bila kuzirekebisha unapata ramani yenye madoa, mvua nyingi hapa, pengo, mvua nyingi pale, kana kwamba wingu liliruka. Ilibidi kulisogeza wingu hatua kwa hatua kati ya picha mbili ndipo kujumlisha. Kwa vipindi vya masika vyenye mvua tulivu hatua hii unaweza kuiruka. Kwa wingu dogo linalokimbia usiiruke.

Tone nalo halianguki wima. Kutoka mita 500, likishuka kwa mita saba kwa sekunde, hutumia zaidi kidogo ya dakika moja kufika chini, na kwa upepo wa mita nane kwa sekunde litakuwa limesukumwa zaidi ya nusu kilomita. Hiyo inatosha kulihamisha kutoka mraba mmoja kwenda wa jirani. Kwa sababu hiyo haikuwa halali kuushikilia mraba mmoja wa saiti kana kwamba rada imepiga picha ya mtaro. Nilichukua miraba tisa, wa saiti na minane inayouzunguka: ya chini kabisa ilikuwa na 24 na ya juu kabisa 36. Baada ya kuzidisha kwa 1.69, hiyo ni kuanzia 41 hadi 61.

Hadi hapa ushahidi wote ulikuwa wa mashine na madaftari. Ushahidi wa Zinga yenyewe ulipatikana nyumba ya jirani, kama nusu kilomita kutoka saiti, kwa bibi mmoja aliyekuwa ameacha ndoo uani. Vitu vya namna hii wataalamu wengi huvipita, nami nadhani hukosea. Ndoo ina mdomo, mdomo una eneo, na maji yana ujazo. Hakuna zaidi ya hapo ndani ya kipima mvua cha dukani. Kinachohitajika ni maswali sahihi.

"Shikamoo bibi. Ndoo hii jioni ilikuwa tupu?"

"Marahaba mjukuu wangu. Tupu kabisa, nilikuwa nimefulia nikaisuuza. Nikaiacha hapo hapo ikauke."

"Hapo hapo ilipo, au chini ya bati?"

"Chini ya bati liko pipa. Ndoo ilikuwa pale karibu na kamba ya nguo."

Jibu la mwisho ndilo lililoiokoa ndoo. Ingekuwa chini ya ukingo wa bati ingepokea maji ya paa zima na isingefaa kwa lolote. Kamba ya nguo ilikuwa wazi, mbali na mwembe na mbali na ukuta. Bibi alikuwa hajayagusa maji tangu alfajiri, na asubuhi ile hapakuwa na jua la kuyakausha.

Rula iliyosimamishwa ndani ya ndoo ilionyesha kina cha sentimita 7.1. Mtu mwenye haraka angeandika milimita 71 na kumpelekea mkandarasi zawadi. Ndoo, hata hivyo, imepanuka juu na kubanwa chini: mdomo wake ulikuwa na kipenyo cha sentimita 30 na kitako sentimita 24. Maji yaliingia kupitia mdomo mpana na kulala kwenye kitako chembamba, ndiyo maana kina kilizidi mvua yenyewe. Maji yalimiminwa kwenye chupa ya lita moja, mara tatu kamili na nyongeza ya karibu nusu, jumla lita 3.4. Eneo la mdomo ni sentimita za mraba 707. Gawanya ujazo kwa eneo, unapata sentimita 4.8, yaani milimita 48.

Ndoo hiyo sikuiingiza kwenye kutafuta uwiano. Niliiacha nje kwa makusudi, iwe shahidi asiyehusika na hesabu, kwa sababu ukitumia kila ulichonacho kutengeneza jibu hutabaki na cha kulipimia. Rada iliyorekebishwa ilisema 52, ndoo ikasema 48, na matone yaliyoruka nje ya ndoo wakati wa mvua kali yanaweza kueleza sehemu ya tofauti hiyo. Kwa kazi ya namna hii, makubaliano ya kiasi hicho ni mazuri kuliko nilivyotarajia.

Mhandisi msimamizi aliposomewa haya alisema, bila ukali, "Ndugu yangu, mimi nahitaji namba moja. Mkataba hausomi mabano." Ni ombi la haki kwa mtu anayetakiwa kusaini, ila halikuwa na jibu analolitaka. Makadirio yote yenye msingi yaliangukia kati ya 48 na 55, na upana wa kutojua ulianzia 41 hadi 61. Kusema kwamba mvua ilizidi 50 kungekuwa kumpa mkandarasi uhakika usiokuwapo, na kusema haikuzidi kungekuwa kumpa mwenye mradi uhakika uleule. Kinachoweza kusemwa kwa nguvu ni kitu kingine: mvua ya saiti ilikuwa kama mara nne ya mvua ya mjini, na kipimo cha milimita 12 hakifai kutumika kwa Zinga usiku ule. Hata ncha ya chini kabisa, 41, iko mbali sana nacho.

Jambo la pili lenye nguvu halikuwamo kwenye mkataba, nalo kwangu ndilo la maana zaidi. Picha za rada zilionyesha kwamba theluthi mbili ya mvua ya Zinga ilinyesha ndani ya saa moja, ambayo baada ya marekebisho ni kama milimita 35. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Milimita 35 juu ya hekta mbili zinazotiririshia maji kwenye mtaro ule ni mita za ujazo 700, ukitoa kiasi kilichopenya ardhini, ambacho kwa udongo uliokwisha kulowa katikati ya masika si kikubwa. Kuta za mtaro haziporomoshwi na jumla ya saa 24. Huporomoshwa na maji yanayofika yote kwa pamoja. Milimita 60 zilizonyesha taratibu kutwa kucha zingetimiza sharti la mkataba na pengine zingeuacha mtaro salama, na hizi 50 zilizokuja kwa kishindo ziliuharibu bila kuhakikisha sharti. Mwandishi wa kifungu kile alichagua kiwango cha tahadhari kwa umma akakifanya kipimo cha madhara kwenye kazi za udongo, na kiwango hicho hakikuwekwa kwa shughuli hiyo.

Pande mbili zilikubaliana kugawana siku zilizoombwa na kukibadilisha kifungu kwa muda uliobaki: badala ya jumla ya saa 24 kwenye kituo cha mjini, kitasomwa kipima mvua kitakachowekwa saiti, kwa mvua ya saa moja na ya saa 24. Sikushirikishwa kwenye kuamua ni siku ngapi, na sikupaswa kushirikishwa.

Mwakilishi wa mkandarasi alikuwa na swali la ziada. Walikuwa na kazi nyingine Muheza, mkoani Tanga, na alitaka kujua kama hesabu hiihii ingefanyika huko kwa rada hiyohiyo ya Dar es Salaam. Jibu lilikuwa hapana. Muheza iko karibu kilomita 190 kutoka Dar es Salaam. Mwale wa nyuzi 0.5 ukifika huko, katikati yake iko juu kwa takriban kilomita 3.8 na unene wake umefikia kilomita 3.3, sehemu yake ya chini inaelea kilomita mbili juu ya mashamba, na ya juu inagusa tabaka la kuyeyukia barafu, ambako vipande vya theluji vilivyoanza kulowa hurudisha mwangwi mkubwa kuliko maji yaliyomo. Chini ya mwale huo kuna safu ya Usambara Mashariki, inayoisukuma juu hewa ya baharini na kutengeneza mvua nyingi kutoka mawingu mafupi, ambayo rada iliyoko mbali kiasi hicho inaweza isiyaone kabisa. Uwiano wa vipima mvua hauwezi kurekebisha mvua ambayo rada haikuiona, kwa maana sifuri ukiizidisha kwa chochote inabaki sifuri. Makadirio ya setilaiti yapo, kama yale ya mradi wa kimataifa wa GPM yanayotolewa kwa kila nusu saa, lakini mraba wake mmoja una upana wa takriban kilomita kumi, na kati ya Muheza na miteremko ya Amani, kwenye safu hiyo ya Usambara, kilomita kumi ni hali mbili tofauti za hewa.

Kwa Muheza nilimshauri anunue vipima mvua viwili kabla masika hayajaanza, kimoja cha kusomwa kwa mkono na kimoja cha vikombe pacha chenye kumbukumbu ya saa, kwa sababu hicho cha pili hupoteza kiasi wakati wa mvua kali na cha kwanza kitakisahihisha. Midomo yote miwili iwe sawasawa, isiinamie upande, na kila mti au jengo liwe mbali kwa angalau mara mbili ya kimo chake. Cha mkono kisomwe saa tatu asubuhi kila siku, Jumapili ikiwamo, na juu ya kila ukurasa wa daftari iandikwe kama tarehe ni ya asubuhi ya kusoma au ya siku iliyotangulia.